Kugeuza rekodi kuwa MIDI: programu zilizopimwa kwa gitaa la Katanga na kwaya za Lubumbashi

Anayeongoza kwaya au kuendesha studio ndogo mjini Lubumbashi huombwa kazi hii mara kwa mara: achukue wimbo uliorekodiwa, ambao noti zake hazikuandikwa popote, autoe katika MIDI ili mpiga kinanda aubadilishie toni, ausikilize polepole au auchapishe kwenye karatasi. Programu zinazoahidi kufanya kazi hiyo zimekuwa nyingi, na matangazo yake yanafanana: weka wimbo, bonyeza, pokea noti. Mimi nimezipima kwa kigezo kimoja, nacho ni kiasi cha kusahihisha kinachobaki mikononi mwa mwanamuziki baada ya mashine kumaliza. Programu inayopata noti nyingi huku ikiongeza nyingine ambazo hakuna mtu aliyezipiga ni mzigo, kwa sababu kufuta noti ya uongo kunataka kwanza kuitambua kuwa ni ya uongo, na jambo hilo huchukua muda mrefu kuliko kuandika noti iliyokosekana. Kwa kigezo hicho naona wengi wetu tuanze na NeuralNote, ambayo haina malipo, tusahihishe matokeo yake ndani ya Reaper, programu ya studio ya kurekodi na kuhariri muziki, na tununue Melodyne pale tu kazi ya noti nyingi za pamoja inapokuwa ya kila wiki na inalipwa.

MIDI si sauti. Ni mfululizo wa maagizo: noti fulani ibonyezwe wakati fulani, kwa nguvu fulani, kisha iachwe wakati fulani. Kanuni zake zilitolewa mwaka 1983, mwaka uleule ambao kinanda cha Sequential Circuits ya Marekani na kile cha Roland ya Japani, kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, viliunganishwa kwa waya mbele ya watu katika maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM na kimoja kikakipigisha kingine. Noti zake ni 128, zikihesabiwa kuanzia 0 hadi 127, na chaneli zake ni 16. La ya hezi 440, ambayo vyombo hupangwa kwayo, ni noti ya 69. Wimbo mzima katika MIDI huchukua kilobaiti chache au makumi kadhaa, wakati dakika moja tu ya sauti yenye ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10, na kwa mtu anayenunua mega zake kwa siku tofauti hiyo ina maana kubwa. Lakini kila kisichokuwa noti kinabaki nje: ukucha unavyokwaruza uzi, pumzi ya mwimbaji, mwangwi wa ukumbi. Anayetarajia kwamba MIDI itamrudishia sauti ya mpigaji amechagua chombo kisicho chake.

Ugumu wa kazi hii unatokana na maumbile ya sauti yenyewe. Uzi wa gitaa unaotoa la ya chini, yenye hezi 110, hautoi 110 peke yake. Pamoja nayo hutoka 220, 330, 440, 550 na kuendelea, kila moja kwa nguvu yake, na hizo ndizo hamoniki. Sikio la mtu huzikusanya zote likasikia noti moja yenye rangi ya gitaa. Mashine huona vilele kadhaa kwenye grafu, na inalazimika kuamua kama 220 ni hamoniki ya 110 au ni kidole kingine kilichopiga la ya juu kwa wakati uleule. Kwa sauti moja inayoimba peke yake swali hilo lina majibu mazuri tangu miaka mingi. Kwa noti kadhaa zinazolia pamoja bado ni zito, na makosa yake yana sura zinazojulikana: noti inayotokea oktavi moja juu ya mahali pake, mi inayojitokeza juu ya la kwa sababu ya zile hezi 330, noti moja ndefu iliyokatwa vipande, au noti mbili fupi zilizogandishwa kuwa moja.

Gitaa la Katanga linaigusa kazi hii pale ilipo ngumu zaidi. Katika mtindo uliojulikana mbali kupitia mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kidole gumba hutembea kwenye nyuzi za besi na kidole cha shahada huimba juu yake, na kila vidole hivyo vinapokutana kwenye noti za jina moja zilizoachana kwa oktavi, mashine hukosa la kushika. Ikizikazia sana hamoniki, inafuta kidole cha shahada. Ikilegea, inamwongezea mpigaji kidole cha tatu ambacho hakukitumia. Nimeufanya mtindo huu kuwa mtihani wangu mkuu kwa sababu una mpigaji mmoja na chombo kimoja, na kwa sababu kila noti yenye shaka inaweza kuhakikishwa kwa kushika gitaa na kutafuta mkono ulipokuwa. Noti ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifikia ukiwa bado umeshika besi iliyo chini yake haikupigwa, hata programu iionyeshe kwa rangi iliyokolea namna gani.

Kabla ya kuchagua programu, rekodi yenyewe ndiyo inayoamua nusu ya matokeo. Wimbo uliopita katika simu nyingi kwa WhatsApp mara nyingi umekwisha kubanwa, na kubanwa huko huondoa hasa sehemu za juu za sauti, ambazo ndizo zinazoieleza mashine kwamba noti mpya imeanza. Mwombe aliye nao autume kama hati, ambapo faili hufika kama lilivyo, au mkutane na diski mkononi. Kwa rekodi zilizotoka kwenye kaseti kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi hayalitaji: mwendo wa kaseti. Mashine ya kaseti iliyochoka hupandisha au hushusha wimbo mzima, na wimbo ukiangukia katikati ya noti mbili za piano, programu huzigawa noti zake huku na huku bila utaratibu, leo fa, kesho fa dizi. Dawa yake ni rahisi: fungua rekodi katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, ilinganishe na kinanda kilichopangwa vizuri, kisha badilisha mwendo mpaka vikubaliane. Kuongeza mwendo kwa takriban asilimia 2.9 hupandisha wimbo kwa robo toni, na robo toni hiyo ndiyo inayotenganisha faili linalosomeka na faili la kutupwa. Hatua hii hufanywa mara moja kwa kila kaseti, na sijaona hatua nyingine fupi inayoleta faida kubwa kuliko hiyo.

Sasa programu. Basic Pitch ilitolewa na Spotify mwaka 2022 pamoja na msimbo wake, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kujenga juu yake. Ni modeli ya akili bandia iliyo ndogo kwa namna ya kushangaza, yenye vigezo, yaani namba za ndani inazojifunza, visivyofika 17,000, na kwa sababu ya udogo huo inafanya kazi ndani ya kivinjari cha kawaida: ukurasa ukishafunguka, hesabu zote hufanywa na kompyuta yako na wimbo hausafiri kwenda popote. Haikufundishwa kwa chombo kimoja. Inapokea gitaa, kinanda, filimbi au sauti ya mtu, na inatambua noti zaidi ya moja kwa wakati. Watengenezaji wenyewe wanasema kwamba inafanya vizuri zaidi ikipewa chombo kimoja kimoja, na maneno hayo yachukuliwe kama sharti la matumizi. Ukiipa bendi nzima, noti zote za besi, solo, kinanda na waimbaji hurudi zimerundikwa mahali pamoja bila alama ya nani alipiga nini, na kuzitenga kwa mkono ni kazi kubwa kuliko kuusikiliza wimbo na kuuandika mwenyewe.

NeuralNote imejengwa juu ya modeli hiyohiyo, lakini imeifanya kuwa programu ya kusakinishwa, yenye kusimama peke yake au kuingia ndani ya programu yako ya studio kama plagini. Kwa mji ambao umeme na intaneti havina uhakika, kuwa na kila kitu ndani ya kompyuta ni sifa ya kwanza, wala si nyongeza. Sifa ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niiweke mbele, ni kwamba ukishaipa rekodi unaweza kusogeza vizingiti vyake na kuona noti zikiongezeka au kupungua papo hapo huku ukisikiliza. Kizingiti cha kwanza huamua noti iwe na uhakika kiasi gani ndipo iandikwe. Cha pili huamua ni wepesi gani wa kukata noti ndefu kuwa mbili. Cha tatu hutupa noti fupi kupita kiasi. Kwa gitaa kavu la vidole viwili nimeona ni bora kukaza kizingiti cha kwanza mpaka noti za uongo zianze kutoweka, hata kama noti mbili tatu za kweli zinaondoka nazo, kisha kuacha ukataji uwe mwepesi kidogo, kwa maana kidole gumba cha Katanga hurudia noti moja kwa haraka na programu isiyokata huigeuza kuwa besi ndefu ya kanisani. Kuna pia chaguo la kulazimisha noti zote ziingie katika ngazi fulani ya muziki. Nashauri liachwe. Linasafisha ukurasa, ni kweli, lakini linafuta bila kukuuliza zile noti za kupita ambazo ndizo zinazotofautisha mpigaji mmoja na mwingine.

Lililo gumu kuliko noti, na ambalo wanunuzi hawaliulizi, ni mapigo. Faili la Basic Pitch, usipoiagiza vingine, hubeba mapigo 120 kwa dakika, hata kama wimbo unakwenda 96. Ukilicheza litasikika sawa, kwa sababu kila noti imewekwa kwenye sekunde yake halisi. Ukilifungua katika MuseScore ili uchapishe, utakutana na msitu wa noti ndogondogo zilizofungwa kwa kamba, mapumziko ya thelathini na mbili na vipimo vinavyoanza katikati ya neno, kwa sababu programu ya kuandika noti inasoma vipimo na haijali sekunde. Tena muziki wetu wa zamani haukurekodiwa kwa metronomu. Mpigaji alikuwa akiharakisha anapopata moto na kutulia anapoimba, na mdundo wake wa mapigo sita unakaa juu ya ule wa mapigo manne kwa namna ambayo gridi iliyonyooka haiwezi kuipokea. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha noti kwenye gridi kabla ya kuonyesha mapigo yako wapi, noti sahihi zinahamishwa kwenda mahali pasipo sahihi, na hapo huna tena njia ya kujua ipi ilikuwa wapi.

Ndiyo maana ninaitaja Reaper katika tathmini ya programu za kugeuza sauti, ingawa si kazi yake ya kwanza. Inapakuliwa kwa megabaiti chache kuliko programu nyingine za aina yake, inaruhusu majaribio ya siku 60 bila kukatwa kitu, na leseni yake ya bei ya chini, iliyokusudiwa watu binafsi na studio zenye mapato madogo, ni dola 60. Ndani yake unaweka rekodi ya asili juu na noti za NeuralNote chini, unasikiliza, unaweka alama mwanzoni mwa kila kipimo kwa kugonga kwa mkono wako, na programu inajenga ramani ya mwendo inayofuata pumzi ya mpigaji. Baada ya hapo vipimo vinakaa, na faili linalokwenda MuseScore linasomeka na mtoto wa kwaya. Kazi hiyo ya kugonga inachosha, sikatai, lakini hakuna sehemu nyingine ya safari hii inayomfundisha mtu wimbo kama hiyo. Mzee mmoja mpiga gitaa wa Kamalondo, niliyempelekea faili lililonyooshwa kwa gridi na jingine lililofuata ramani ya mwendo, alilikataa la kwanza baada ya kusikia vipimo vichache tu, akieleza kwamba kidole gumba kinatembea kama cha mtu asiyejua wimbo unakokwenda.

Melodyne ni jambo la daraja nyingine. Inatengenezwa na Celemony ya München, Ujerumani, na mwanzilishi wake Peter Neubäcker alitangaza mwaka 2008 njia ya kuingia ndani ya mchanganyiko wa noti za pamoja na kushika noti mojamoja; mwaka uliofuata njia hiyo ilifika mikononi mwa watumiaji. Hapo kabla kulikuwa na imani kwamba noti za pamoja zikisharekodiwa hazitenganishiki tena. Kinachonivutia zaidi ni jinsi programu hii inavyokiri shaka yake. Ina ukurasa maalumu ambapo inaonyesha noti ilizoziamini kwa umbo lililojaa na zile ilizozishuku kwa umbo tupu, na wewe ndiye unayesema: hii ni noti, hii ni hamoniki tu ya ile ya chini. Ukikumbuka yale niliyosema juu ya 110 na 220, utaona kwamba ukurasa huo unashughulikia hasa ugonjwa ulipo. Badala ya kufuta makosa baada ya noti kuandikwa, unayazuia kabla hayajaandikwa, huku unaisikia sauti halisi ya kila noti ikiwa peke yake. Pia inakisia mwendo wa wimbo na kufuata mabadiliko yake, kwa hiyo sehemu ya kazi ya kugonga inapungua.

Ni lazima kusema wazi kwamba uwezo huo wa noti za pamoja upo katika matoleo mawili ya juu tu, editor na studio, na kwamba matoleo hayo yanagharimu mamia ya dola. Toleo dogo linalouzwa kwa bei nafuu, au linalokuja pamoja na vifaa vya studio, linashughulikia sauti moja kwa wakati. Anayelinunua kwa ajili ya gitaa au kinanda atakuwa amenunua kitu kingine. Malipo ni kwa kadi, na wengi wetu hapa tunategemea kadi ya kulipia kabla inayotolewa na benki, kwa hiyo makato ya benki yaingizwe katika hesabu. Kuna muda wa majaribio wa siku 30 wenye uwezo kamili, na ushauri wangu ni kwamba usiuanzishe mpaka rekodi zako zote ziwe zimesafishwa na kupangwa, kisha uzifanyie kazi mfululizo ndani ya mwezi huo. Kwa kikundi chenye nyimbo chache za zamani, mwezi mmoja ulioandaliwa hivyo unaweza kutosha kabisa.

Ableton Live, tangu toleo la 9 la mwaka 2013, ina njia tatu za kugeuza sauti kuwa MIDI: moja ya melodia, moja ya noti za pamoja, moja ya ngoma. Zimo katika matoleo ya Standard na Suite, hazimo katika lile dogo. Kwa anayeimiliki tayari ni msaada mzuri, hasa kwa melodia, na kwa sababu Live hupima mapigo ya rekodi kwanza, noti zinazotoka huwa zimeshakaa kwenye vipimo. Njia yake ya ngoma inagawa kila pigo katika makundi matatu tu, yaani ngoma kubwa ya mguu, snea na hai-hati. Mgawanyo huo unafaa kwa seti ya ngoma ya bendi. Kwa ngoma zetu za mikono, ambazo pigo la katikati ya ngozi, la ukingoni na la kiganja kilichokaza ni maneno matatu tofauti ya ngoma ileile, mgawanyo huo haukutengenezwa. Hapo napendekeza kuchukua nyakati za mapigo tu na kuamua aina ya kila pigo kwa sikio. Sioni sababu ya kuinunua Live kwa ajili ya kazi hii peke yake.

Programu za studio zilizozoeleka zaidi, zikiwemo FL Studio yenye Newtone, Logic Pro yenye Flex Pitch na Cubase yenye VariAudio, zinageuza sauti moja kwa wakati. Watu huzidharau kwa sababu hiyo, na mimi naona ndizo zinazofaa zaidi kwaya. Rekodi ya kwaya ya sauti nne ndani ya kanisa ni kati ya vitu vigumu kabisa kwa mashine yoyote: waimbaji kumi wa alto hawatoi noti moja bali wingu la noti zinazokaribiana, mwangwi wa ukuta unaendelea kuimba noti iliyopita, na maneno yanabadilisha rangi ya sauti kila silabi. Badala ya kuhangaika na wingu hilo, mwite mtu mmoja wa kila sauti, soprano, alto, tenori na besi, kila mmoja aimbe mstari wake peke yake katika chumba kisicho na mwangwi, kwa silabi moja kama "ta", akisikiliza mapigo kwenye kisikio. Mistari minne ya namna hiyo hugeuzwa karibu bila makosa hata na programu ya sauti moja, na mapigo yako tayari, kwa sababu waimbaji walifuata metronomu. Jioni moja ya kazi inatoa faili lenye chaneli nne safi. Njia hii inafanya kazi pia kwa wimbo wa zamani ambao waimbaji wake hawapo: kiongozi wa kwaya anayeijua alto kwa moyo aimbe alto. Kinachogeuzwa hapo ni ujuzi wa mtu, na ujuzi huo ni sahihi kuliko kaseti yenye vumbi.

Wengi huuliza kuhusu programu za kutenganisha vyombo, wakitumaini kuivunja bendi vipande kabla ya kugeuza. Spleeter ya Deezer ilifungua njia mwaka 2019, na Demucs iliyotoka katika maabara za Facebook imefika mbali zaidi. Zote hazina malipo, na Ultimate Vocal Remover inampa mtu asiyejua kuandika amri njia ya kuitumia Demucs. Mgawanyo wa kawaida ni sauti za waimbaji, ngoma, besi na mengineyo. Besi iliyotengwa hivyo hugeuzwa vizuri sana, na kwa nyimbo za bendi ningeanza hapo daima. Lakini gitaa la solo, la mi-solo na la kusindikiza yote matatu huangukia katika lile fungu la mengineyo, yakiwa bado yamesukwa pamoja. Kuna modeli ya Demucs yenye mafungu sita inayoongeza gitaa na piano, na watengenezaji wake wanakiri kwamba piano haijatoka vizuri; hata hivyo magitaa yenyewe inayahesabu kuwa fungu moja. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambamo magitaa hutawala, basi, bado inataka masikio.

AnthemScore inalenga moja kwa moja karatasi: inatumia akili bandia kuonyesha noti juu ya picha ya masafa ya sauti, na inatoa MIDI na ukurasa wa noti. Nimeipenda picha hiyo kwa kufundishia vijana, kwa kuwa wanaona hamoniki kwa macho, ila kwa gharama yake siioni ikiizidi NeuralNote pamoja na MuseScore kwa mahitaji ya hapa. Piano ya peke yake ni habari tofauti. Kundi la Magenta la Google lilikusanya takriban saa 200 za piano zilizopigwa kwenye Disklavier za Yamaha, piano halisi zinazoandika MIDI zenyewe zinapopigwa, na modeli zilizofundishwa kwa data hiyo zinasoma piano, pamoja na nguvu ya mguso wake, kwa usahihi ambao hakuna chombo kingine kinaupata. Mwenye rekodi ya piano tupu azitafute hizo kabla ya programu za jumla. Hakuna hazina ya namna hiyo kwa gitaa la vidole la Katanga, na upungufu huo unaeleza sehemu kubwa ya makosa tunayoyaona.

Likembe, chombo cha ndimi zinazopigwa kwa vidole gumba, inastahili aya yake. Ndimi zake hazikupangwa kwa nusu toni za piano, na MIDI ya kawaida inajua nusu toni tu, kwa hiyo kila ulimi husukumwa kwenye noti ya piano iliyo karibu. MIDI ina agizo la kupinda kimo cha sauti, lenye hatua 16,384, na Basic Pitch huliandika. Lakini agizo hilo linaipinda chaneli nzima, ikiwa na maana kwamba ndimi mbili zinazolia pamoja hupindwa kwa kiasi kimoja hata kama kila moja ina kimo chake. Katika toleo la Basic Pitch la kuandikiwa amri kuna chaguo la kuipa kila noti njia yake, nalo ndilo la kutumia kwa likembe. Faili litakuwa na njia nyingi na litaonekana vibaya, lakini litahifadhi upangaji wa chombo, ambao kwa likembe ni sehemu ya wimbo wenyewe.

Kuhusu kompyuta, hakuna haja ya kitu kikubwa. NeuralNote na Reaper zinaendelea vizuri kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida yenye gigabaiti 8 za memori. Utenganishaji wa Demucs ndio mzito, na kwa kompyuta isiyo na kadi ya michoro wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika nyingi. Uanzishe betri ikiwa imejaa. Modeli zake nazo ni kubwa kupakua, kwa hiyo zipakuliwe mara moja mahali penye mtandao mzuri na zinakiliwe kwa wenzako wa mitaa ya Katuba, Kenya na Kampemba kwa diski. Neno moja kwa wenye studio: kuugeuza wimbo wa mtu kuwa MIDI hakuondoi haki ya mtunzi, na faili lina nafasi ya kuandika maneno ndani yake, kwa hiyo jina la mtunzi na la mpigaji yaandikwe humo. Kwa matumizi ya biashara, SOCODA ndiyo inayosimamia haki hizo nchini.

Kusahihisha kunakwenda haraka ukitenganisha masikio yako mawili. Katika Reaper, elekeza rekodi ya asili yote upande wa kulia na MIDI yote upande wa kushoto, ukichagulia MIDI sauti kavu isiyofanana na chombo cha asili, kisha sikiliza kwa visikio kwa nusu ya mwendo. Noti iliyozidi husikika upande mmoja ikiwa pekee, na noti iliyokosekana husikika upande wa pili. Hata anayejifunza anazikamata. Anza na besi, uimalize kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo kabla ya kugusa chochote juu yake, kwa sababu nyingi kati ya noti za uongo zilizo juu ni hamoniki za besi, na besi ikishakuwa sahihi unazitambua kwa kuzitazama tu: ziko oktavi moja, au oktavi na tano, juu ya noti uliyokwisha kuithibitisha, zinaanza nayo na kufa nayo.